Oveni inakata umeme nyumbani: mwongozo kamili wa waya, breka na ethi

Ujumbe unaonifikia kuhusu oveni unafanana sana. Oveni mpya, keki iko ndani, baada ya muda breka inakata. Anaitwa fundi, anatoa breka ya ampia 20 anaweka ya 32, umeme haukati tena na kila mtu anafurahi. Baadaye soketi inaanza kunuka plastiki, au inageuka kahawia kuzunguka matundu, na swali linarudi: "Sasa niweke breka gani?"

Swali lenyewe ndilo tatizo. Breka ile haikuwekwa kulinda oveni. Ni mlinzi wa waya uliomo ukutani, usipate moto kuliko unavyoweza kustahimili. Kwa hiyo kazi haianzi na breka. Inaanza na oveni inakula kiasi gani, kisha waya unabeba kiasi gani, na breka huja mwisho. Hatua hizi zinafuata mpangilio huo, kwa nyumba zenye umeme wa fezi moja wa volti 230 hivi, kama zilivyo nyumba nyingi za Tanzania na Kenya.

Vitu vya kuandaa

- Multimita ya kawaida (kifaa cha kupimia umeme). Testa ya bisibisi yenye kitaa haitoshi: inaweza kukuonyesha laivu (waya unaoleta umeme), lakini haikwambii kama elementi (koili inayotoa joto ndani ya oveni) ni nzima au inavuja.
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, zenye mipini mizima.
- Tochi, maana utakuwa umezima umeme.
- Karatasi na kalamu, na simu kwa hesabu na picha.
- Plagi ya pini tatu ya ampia 13 yenye fyuzi ndani, ikiwa oveni yako imekuja na pini mbili za duara.
- Viatu vya raba na mikono mikavu.

Waya, breka, RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja, nitaieleza hatua ya 2) na swichi ya jiko usivinunue bado. Anayenunua kabla ya hatua ya 5 hununua mara mbili.

Na tuweke mpaka mapema. Kilicho nje ya ukuta ni chako: plagi, oveni iliyochomolewa, kusoma maandishi ya breka. Kufungua kava la meinswichi na kugusa nyaya zake ni kazi ya fundi mwenye leseni; kwa Tanzania leseni hutolewa na EWURA, kwa Kenya ni EPRA. Sababu ni moja tu: hata ukishusha swichi kuu, nyaya zinazoingia kutoka kwenye mita bado zina umeme.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha oveni

Kipo nyuma, au kwenye fremu ukifungua mlango. Tafuta wati (W au kW) na volti (V). Gawanya wati kwa 230, jibu ni ampia.

Oveni ya mezani ya wati 2000 inakula ampia 8.7. Ya kujengewa kabatini ya wati 3000 inakula 13. Jiko kamili lenye plate nne za umeme na oveni, wati 7000, linafika ampia 30. Hivi ni vitu vitatu tofauti kabisa, ingawa dukani vyote vinaitwa oveni.

Onyo: kibandiko kikisema 120V, oveni hiyo ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani au Kanada. Ukiichomeka kwenye volti 230, elementi itavuta nguvu karibu mara nne ya iliyokusudiwa. Haifai bila transfoma kubwa, na transfoma ya kubeba oveni inaweza kukugharimu kuliko oveni yenyewe. Achana nayo.

Hatua ya 2: Tambua kinachokata, na kinakata lini

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo penye nusu ya jibu. Usiseme tu "umeme unakata". Nenda kwenye meinswichi na tochi, uone ni kidole kipi kimeshuka.

Kuna breka ndogo, kila moja na laini yake, zilizoandikwa B au C na namba. C20 maana yake ampia 20. Halafu kuna ile pana zaidi yenye kitufe kidogo cha T. Hiyo ni RCCB. Yenyewe haijali umekula ampia ngapi. Inaangalia kama umeme uliotoka kwenye laivu umerudi wote kupitia nyutro. Ukipungua hata ampia 0.03, kwa zile za nyumbani, inakata.

Sasa linganisha na yanayokutokea.

Breka ndogo inakata papo hapo ukiwasha oveni. Hiyo ni shoti: laivu imegusana na nyutro (waya wa kurudisha umeme) au ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), ndani ya oveni au kwenye plagi. Usiipandishe tena na tena "kuona kama itashika". Chomoa oveni, nenda hatua ya 4 na ya 8.

Breka ndogo inakata baada ya dakika kadhaa, au baada ya saa. Hapo mzigo umezidi, au skrubu imelegea na inatoa joto. Breka hizi ni za taratibu kwa makusudi. Ya ampia 20 inaruhusiwa kubeba ampia 22 kwa saa nzima bila kukata. Ikifika 29 ndipo inalazimika kukata ndani ya saa moja. Ndiyo maana keki ya kwanza inaiva na ya pili inakwama. Tena breka hupimwa kiwandani kwa joto la nyuzi 30, kwa hiyo kisanduku kilichofungwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la Dar mchana kutwa hukata mapema zaidi.

RCCB inakata ukiwasha, au oveni ikianza kupata joto. Umeme unavuja kwenda kwenye bodi, yaani sanduku la chuma la oveni. Mara nyingi ni elementi iliyonyonya unyevu, hasa kama oveni ilikaa bila kutumika masika nzima, na hasa kwa walio Tanga, Mombasa au Unguja.

RCCB inakata wakati oveni imezimwa, ila plagi iko kwenye soketi. Hapa ndipo watu huanza kusema nyumba ina mambo. Haina. Swichi nyingi za soketi hukata laivu peke yake, nyutro inabaki imeunganishwa. Kama nyutro imegusa bodi ndani ya oveni, umeme wa friji na taa zako unapata njia ya pembeni, na RCCB inauona.

Hakuna kilichoshuka na bado giza? Angalia LUKU, ile mita ya kulipia kabla. Sikutanii, oveni ya wati 2000 ikiwaka mfululizo inamaliza uniti mbili kwa saa.

Andika kwenye karatasi: kipi kilishuka, baada ya muda gani, nini kingine kilikuwa kimewashwa.

Hatua ya 3: Jumlisha mzigo wa laini nzima

Breka moja mara nyingi inalisha soketi za jikoni na za sebuleni kwa pamoja. Shusha breka inayohusika, kisha zunguka na chaja ya simu ukijaribu kila soketi. Zilizokufa zote ziko kwenye laini moja.

Jumlisha wati za vilivyokuwa vinatumika. Oveni 2000, birika la umeme 2200, pasi 1200: jumla 5400, yaani ampia 23.5 kwenye breka ya 20. Breka inaweza kuvumilia kwa muda mrefu kisha ikakata, na ikikata itakuwa imefanya kazi yake sawasawa. Haihitaji kubadilishwa. Birika ndilo linalopaswa kusubiri.

Ukiwasha oveni peke yake kwa saa nzima na breka isikate, tatizo lako lilikuwa mzigo. Waokaji wa keki za biashara wasiishie hapa, maana kwao birika, mixer na friji haviwezi kusubiri. Waende mpaka hatua ya 5 wapate laini ya peke yake.

Hatua ya 4: Kagua plagi, soketi na ekstensheni

Chomoa oveni. Fungua plagi. Ukiitazama kwa ndani, pini ndefu ya ethi ikiwa juu: kahawia (laivu) iko kulia penye fyuzi, bluu (nyutro) iko kushoto, kijani na njano iko juu. Kwenye nyumba za zamani na baadhi ya vifaa utakuta nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro.

Vuta kila waya kidogo kwa vidole. Waya haupaswi kucheza hata kidogo. Waya unaolegea ndio unaounguza plagi, kwa sababu umeme unapita kwenye mguso mdogo na mguso mdogo unatoa joto. Ukifunga upya, acha waya wa ethi uwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa kwa nguvu ethi iwe ya mwisho kuchomoka.

Fyuzi isome ampia 13. Nimeshakuta karatasi ya fedha ya sigara imezungushiwa fyuzi iliyokufa, na waya mwembamba umefungwa mahali pake. Plagi kama hiyo haina kinga yoyote.

Sasa zile pini mbili za duara. Oveni nyingi kutoka Ulaya na Uturuki, mpya kwa mtumba, huja nazo. Mtu anachukua kalamu, anasukuma tundu la juu la soketi ili vifuniko vya chini vifunguke, anapachika pini mbili, oveni inawaka. Inawaka kweli, lakini ethi ya plagi ile iko kwenye vibati vya pembeni, na soketi yetu haina cha kugusana navyo. Una sanduku la chuma lenye umeme ndani, bila ethi, na mtoto anafungua mlango wake. Kata plagi hiyo, funga ya pini tatu.

Ekstensheni sitaieleza sana: oveni haikai kwenye ekstensheni, wala kwenye kile kifaa cha kulinda friji, ambacho kingi kimetengenezwa kwa ampia chache tu. Ichomeke ukutani moja kwa moja.

Soketi yenye weusi, iliyoyeyuka, au inayoshika plagi kwa ulegevu ibadilishwe kabla ya kuendelea. Mwambie fundi aangalie pia urefu wa waya ulioungua nyuma yake. Shaba iliyobadilika rangi ikatwe mpaka afike penye shaba safi.

Hatua ya 5: Jua waya uliomo ukutani

Mafundi huutaja kwa unene: waya wa moja na nusu, wa mbili na nusu, wa nne, wa sita. Ni milimita za mraba za shaba. Ukiwa ndani ya bomba ukutani, kwa joto la nyuzi 30, waya wa kawaida wa ganda la PVC unabeba hivi:

- 1.5: ampia 17.5. Huu ni wa taa.
- 2.5: ampia 24. Wa soketi.
- 4: ampia 32.
- 6: ampia 41.
- 10: ampia 57.

Kwenye dari ya bati ambako joto linafika nyuzi 40, punguza karibu asilimia 13. Waya wa 2.5 unabaki na ampia 21 hivi. Sasa rudi kwa yule fundi aliyeweka breka ya 32 juu yake. Waya unaweza kupitishiwa ampia 30 kwa saa kadhaa, ganda linakauka na kupasuka ndani ya bomba usipoona, na breka haina sababu ya kukata kwa sababu 30 bado ni chini ya 32.

Kuna nyumba ambazo breka ya 32 kwenye waya wa 2.5 ni halali: zile zenye ringi, ambapo waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote, na kurudi kwenye breka ileile. Fundi akifungua ataona laivu mbili zimeingia kwenye breka hiyo. Lakini laivu mbili pekee si ushahidi. Inabidi apime kuwa duara limefungwa kweli. Ringi iliyokatika kwenye soketi moja inaendelea kuwasha kila kitu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Uamuzi uko hivi. Oveni isiyozidi wati 3000 inaweza kukaa kwenye soketi nzuri ya ampia 13. Kama ni ya kuoka kila siku kwa saa nyingi, mimi hata ya wati 2500 ningeipa laini yake. Zaidi ya wati 3000 hakuna mjadala: laini ya peke yake kutoka meinswichi, waya wa 6, mpaka kwenye swichi ya jiko ya ampia 45 inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Swichi hiyo iwekwe pembeni, ndani ya mita 2 kutoka kwenye jiko, kamwe si juu yake. Jiko likishika moto hutaki kunyoosha mkono juu ya miali ili uzime.

Waya feki upo. Kwangua ncha kwa kisu: shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha dukani.

Hatua ya 6: Sasa ndipo breka

Kanuni ni fupi. Namba ya breka iwe kubwa kuliko ampia za oveni, na ndogo kuliko uwezo wa waya.

Laini ya soketi ya waya wa 2.5 usio ringi: breka ya 20. Jiko la wati 7000 kwa waya wa 6: ampia 30, breka ya 32, waya 41. Zote zinakaa kwenye mstari. Pakiwa na namba moja iliyoruka mpangilio huo, usiwashe.

B au C? B hukata haraka mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10. Elementi haina mshtuko wa kuwaka kama mota, kwa hiyo B inaitosha vizuri. C nayo hufanya kazi, ila inadai nyaya na ethi nzuri zaidi ili shoti iwe na nguvu ya kuiangusha.

Ukienda Kariakoo utapangiwa breka za kila bei mezani. Chukua yenye alama ya ubora ya TBS, au KEBS kwa Kenya, na namba zilizochapwa zisizofutika kwa kidole. Breka feki haikati inapotakiwa, na hilo hutalijua mpaka siku yake.

Hatua ya 7: Ethi na RCCB

Nyumba nyingi zetu zinategemea fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Watu wanaamini kwamba fimbo ikiwepo, breka itakata laivu ikigusa bodi ya oveni. Fanya hesabu. Fimbo kwenye udongo mkavu inaweza kuwa na ukinzani wa omu 46. Volti 230 kwa omu 46 ni ampia 5. Breka ya 32 inaona ampia 5 kama vile umewasha pasi. Haikati, na bodi inabaki na umeme, inakusubiri ushike mlango.

RCCB ya ampia 0.03 inakata hapo hapo. Kwa nyumba ya fimbo, RCCB si anasa.

Bonyeza kitufe cha T ukiwa na umeme. Kidole kikishuka mara moja, umefaulu; kipandishe. Kisiposhuka, RCCB imekufa na ibadilishwe. Rudia kila mwezi, inachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Ila jua kwamba kitufe hiki kinajaribu RCCB yenyewe, hakipimi fimbo. Fimbo apime fundi kwa mashine.

Onyo kubwa kuliko yote humu: asitokee mtu akakuondolea waya wa ethi kwenye plagi "ili RCCB isikate". Kweli haitakata. Umeme uliokuwa unapita kwenye ethi utasubiri kupita kwako.

Hatua ya 8: Pima elementi

Oveni imechomolewa na imepoa. Weka multimita kwenye omu. Geuza vitufe vya oveni kama unataka kuoka, joto juu kabisa.

Gusa pini ya laivu na ya nyutro kwenye plagi. Gawanya 52,900 (yaani 230 mara 230) kwa jibu, utapata wati. Ukisoma omu 26, ni wati 2000 na kitu. Hii inasaidia pia kama kibandiko kimefutika. Ikisoma karibu na sifuri, ni shoti. Ikisoma wazi kabisa, yaani hakuna njia ya umeme kupita, elementi au thamostati (kidhibiti joto) imekatika. Oveni za skrini ya kidijitali hazisomeki hivi, kwa hiyo ziache kwa fundi.

Kisha hamisha multimita kwenye kipimo cha juu kabisa. Gusa laivu na ethi, halafu nyutro na ethi. Zote zisome wazi. Chini ya omu milioni 1, kuna uvujaji. Ndani ya elementi kuna unga mweupe wa magnesia unaotenga waya na ganda, na unga huo hunyonya unyevu kupitia ncha zake. Fundi huitoa akaikausha kwa joto, au akaibadilisha.

Multimita inatumia volti chache sana, kwa hiyo ikisema "safi" na RCCB bado inakata, usibishane na RCCB. Fundi ana kifaa cha volti 500, mafundi hukiita mega, na hicho huona kilichofichika.

Hatua ya 9: Jaribio

Oveni tupu, madirisha wazi, nyuzi 200, nusu saa. Oveni mpya itatoa moshi mwepesi wa mafuta ya kiwandani, huo si wa kutisha.

Kisha zima, chomoa, na ushike plagi. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuikamata, rudi hatua ya 4. Nenda kwenye meinswichi, usiguse kitu ndani: sikiliza kama kuna mvumo, nusa kama kuna harufu. Kitaa cha thamostati kinapaswa kuwa kimezimika na kuwaka mara kadhaa.

Kama kila kitu ni kizuri ila oveni inachelewa kupata joto jioni, pima volti kwenye soketi. Umeme ukishuka hadi 190, oveni ya wati 2000 inabaki na wati 1365 hivi. Hapo hakuna breka wala waya wa nyumbani wa kulaumiwa, toa taarifa kwa shirika la umeme.

Ikibidi kumwita fundi, mpe karatasi ya hatua ya 2 kabla hajashika bisibisi. Na akishamaliza, kabla hujamlipa, mwambie abonyeze T mbele yako, aandike "OVENI" chini ya breka yake, na akupe kipande cha waya kilichobaki. Kwenye ganda lake pamechapwa unene. Soma mwenyewe kama ni 6.